Koti la Mwalimu wa Hesabu

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limekwisha kusahaulika mtaani. Watu walimwita Bi Kinyaa, naye aliitika bila kununa. Walimwita hivyo kwa sababu ya uso wake. Akiona pindo lililopinda, au kifungo cheupe kilichoshonewa uzi wa rangi ya maziwa, pua ilijikunja, midomo ikashuka pembeni, na mate yakamjaa kinywani kama mtu anayekaribia kutapika. Hakuwa anaigiza. Kazi mbaya ilimchefua kweli, tumboni kabisa, kama wengine wanavyochefuliwa na nywele kwenye mchuzi.

Aliwahi kwenda hospitali na homa. Daktari akamwuliza anasumbuliwa na nini.

"Kwanza hilo koti lako," Bi Kinyaa akasema. "Mfuko wa kushoto umepanda, wa kulia umeshuka. Unawezaje kuwatazama wagonjwa usoni na kitu kama hicho kifuani?"

Daktari alicheka mpaka akaangusha kalamu. Bi Kinyaa hakucheka. Alirudi nyumbani na dawa zake, na kwa siku mbili alizolala, homa haikumsumbua kama ule mfuko.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mjane, fundi wa makoti na suti tu. Magauni hakushona, mapazia hakushona, na aliyemletea suruali apunguziwe kiuno alionyeshwa ngazi. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la misumari na rangi: cherehani tatu, meza ya kukatia pana kama kitanda, pasi mbili nzito, na dirisha kubwa lililoingiza mwanga wa asubuhi. Alifanya kazi na binti wa mdogo wake, mama wa watoto wawili, mwepesi wa mikono na wa maneno, ambaye ndiye aliyepokea wateja, kwa sababu Bi Kinyaa akiwapokea mwenyewe baadhi yao hawakurudi.

Kazi alijifunza ujanani kwa fundi mmoja mfupi, mwenye jicho moja bovu. Mzee yule hakuwahi kutazama koti kwa nje kwanza. Aliligeuza ndani nje, akafumba jicho lake zima, akapitisha vidole kwenye mishono kama anayetafuta kiroboto. Alimfumulisha ukosi mmoja mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili hakusema kitu, alilitundika tu lile koti ukutani akaendelea na kazi. Hiyo ndiyo sifa pekee Bi Kinyaa aliyopata kwake, naye aliitunza moyoni kuliko pete ya ndoa.

Mzee alimwamuru pia aweke alama yake kwenye kila koti atakalomaliza, ndani kabisa, chini ya bitana ya mfuko wa kifuani.

"Mteja ataionaje?" msichana akauliza.

"Asiione. Ni yako wewe. Likirudi bovu usijifanye hulijui."

Basi akachagua misalaba mitatu midogo ya uzi wa buluu. Aliiweka kwenye kila koti, mwaka baada ya mwaka, mpaka mkono ukawa unaiweka wenyewe.

Jina lake lilikua. Chama cha mafundi cherehani cha mji kilipoanzisha maonyesho ya kila mwaka, alifanywa jaji mkuu, na hapo ndipo kinyaa chake kilipopata jukwaa. Mwaka mmoja makoti ishirini na sita yalitundikwa ukumbini. Bi Kinyaa aliyapita moja moja, akiyageuza, akisonya. Kwingine alikuta gundi mahali pa uzi. Kwingine mistari ya kitambaa ilifika begani ikakosana, kila mmoja ukashika njia yake. Alipofika mwisho, mwenyekiti akamkabidhi kipaza sauti ili atangaze mshindi wa kwanza.

"Wa kwanza hayupo," akasema. "Wa pili pia hayupo. Wa tatu nimemtafuta sana."

Ukumbi ukaguna. Kwenye mstari wa mbele alikaa fundi mmoja aliyeitwa Zege. Alikuwa amepiga zege kwenye majengo ya watu miaka ishirini kabla ya kuumia mgongo na kujifunza kushona akiwa mtu mzima, na vidole vyake vilikuwa vinene kama vipini vya nyundo. Koti lake la kahawia alikuwa amelishona miezi minane. Alinyoosha mkono.

"Bi Mkubwa, naomba angalau uniambie langu lina kosa gani."

"Kosa moja ningekwambia," Bi Kinyaa akajibu, na kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni. "Lakini lile si koti, ndugu yangu. Lile ni gunia lenye mikono."

Watu walicheka, wengine kwa furaha kwamba halijawapata wao. Zege alisimama, akalitungua koti lake, akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akatoka nalo. Njiani kurudi nyumbani Bi Kinyaa hakusemeshwa na binti wa mdogo wake. Walipofika mlangoni ndipo akasema, "Mama Mkubwa, kusema kweli ni jambo moja. Wewe ulikuwa unafurahia."

"Nilikuwa nataka kutapika," Bi Kinyaa akasema. Nayo ilikuwa kweli. Lakini kufurahia pia ilikuwa kweli, na hilo hakulijibu.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja akapanda mama mmoja wa makamo, mtaratibu, na mfuko wa karatasi mkononi. Mumewe, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa na koti moja la maana, la kijivu lenye mistari myembamba. Binti yao alikuwa ameajiriwa, na alitaka koti la baba yake lipunguzwe limkae yeye, alivae kazini.

"Limekaa vizuri bado," mama akasema. "Marehemu alilitunza kama yai. Miaka kumi na saba."

Bi Kinyaa alilipokea, akaligeuza. Uso ukaanza kazi yake.

"Mungu wangu! Njoo uone," akamwita binti wa mdogo wake. "Njoo uone uchafu. Kitambaa kizuri namna hii, tazama alichokifanya. Kifua kimebandikwa kwa gundi, gundi yenyewe imeachia, imefanya malengelenge. Bega la kushoto kichwa cha mkono, pale unapoungana na bega, hakikukusanywa, kimevutwa tu kwa nguvu kikatoshelezwa. Ukosi hauna bandi hata moja, hata mshono mmoja wa kuushikilia ulale. Huyu hakushona, huyu alilipua. Huyu alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Mama Mkubwa," binti akasema kwa sauti ndogo, akimtazama mteja.

Lakini alikuwa amekwisha kuwaka. "Watu kama hawa wangekatwa vidole, wakafuge kuku. Mama, pole, lakini mumeo aliibiwa."

Mjane alijikusanya kidogo kwenye kiti. "Yeye alimsifu sana fundi wake," akasema. "Alisema ndiye fundi bora mjini. Alikuwa na tabia ya kushika ukosi hivi, kwa mkono wa kushoto, akiwa anafundisha. Wanafunzi walikuwa wakimwiga."

"Aliushika kwa sababu haukulala," Bi Kinyaa akasema. Mkasi wake mdogo ulikuwa tayari umeingia kwenye bitana ya mfuko wa kifuani, unakata nyuzi moja moja, tik, tik, tik. Kisha ukanyamaza.

Chini ya bitana palikuwa na misalaba mitatu ya buluu.

Aliifunika kwa kidole gumba, kama mtu anayezuia damu. Binti wa mdogo wake alikuwa amekwisha kuiona. Mjane hakuwa ameona kitu. Alikuwa akitafuta leso kwenye mkoba.

"Nitakuita," Bi Kinyaa akamwambia. "Nipe siku chache."

Alipobaki peke yake na lile koti alikumbuka. Si koti lenyewe, maana hata uso wa yule mwalimu haukumjia. Alikumbuka mwaka. Ulikuwa mwaka ambao picha yake ilitoka gazetini, na watu walipanga mstari mpaka chini kwenye duka la misumari. Angetamani kusema kwamba alikuwa anaumwa, au anauguza. Hakuwa anaumwa na hakuwa na mgonjwa. Alikuwa anasifiwa. Waliomjia walitaka koti la fundi wa gazetini, wakalivaa, wakajitazama kwenye kioo, wakasema "Loo!" kabla hata hajamaliza kufunga kifungo. Hakuna aliyeligeuza. Polepole mkono wake ulijifunza kwamba hakuna atakayeligeuza. Gundi ilianza kwa koti moja, kwa wiki moja yenye kazi nyingi. Ikaendelea karibu mwaka mzima. Kisha wateja walipungua akarudia uzi, na mwaka ule akaufuta kichwani kama mtu afutavyo chaki, akaendelea kuwakunjia wenzake pua.

Sasa kichefuchefu kilimgeukia mwenyewe, na hakikuwa na pa kutokea. Chakula kilimshinda. Aliosha mikono mara nyingi bila sababu. Jioni alikaa na mdogo wake, mama wa yule binti, akamweleza, mdogo akamwambia, "Dada, ni koti tu. Nani hajawahi?"

"Usinipake mafuta," akasema. "Niache ninuke."

Siku ya nne alimwita mjane, akamwekea kiti karibu na dirisha, akamwonyesha misalaba na kumweleza ni ya nani.

Mjane aliigusa kwa ncha ya kidole.

"Kuna jambo lingine," Bi Kinyaa akasema. "Nimelipima upya. Bega la kushoto nililikata fupi, halafu nikalivuta. Mtu akilivaa, upande huo unaonekana umeshuka."

"Bega lake lilikuwa na kasoro," mjane akasema. "Mwenyewe alisema. Aliliona kwenye kioo siku ya mahafali, alipolivaa koti hili mara ya kwanza. Kila asubuhi alikuwa akinyanyua tofali kwa mkono ule, mara hamsini, ili lirudi juu. Mpaka uzeeni. Mpaka mwezi aliolazwa."

"Halikuwa na kasoro."

"Lilikuwa na kasoro," mjane akarudia, lakini sasa alikuwa anauliza.

"Mama, bega la mumeo lilikuwa zima. Kasoro ilikuwa yangu."

Mjane hakulia wala hakupiga kelele. Alimkazia Bi Kinyaa macho, na pembe za midomo yake zikashuka taratibu. Bi Kinyaa aliufahamu uso ule vizuri sana. Hakuwa amewahi kukaa upande wake wa mbele.

"Miaka kumi na saba na tofali," mjane akasema. "Nilikuwa namcheka."

Akainuka. Mlangoni akageuka. "Lifanye unavyojua. Ila mwanangu asije akashika ukosi."

Jumamosi iliyofuata mafundi walikuwa na mkutano wao wa mwezi. Bi Kinyaa alikwenda na koti, bitana ameshaifumua, akaligeuza ndani nje, akalitandaza kwenye meza ya mbele, akawaambia wote waje walione. Mafundi thelathini wakakusanyika. Aliwaeleza moja kwa moja: hili nimelishona mimi, mwalimu mmoja alilivaa miaka kumi na saba, hivi ndivyo lilivyomfanya. Hakuacha hata tofali.

Kisha akangoja. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Alikuwa amejiandaa hata kwa mtu kumrudishia lile gunia lenye mikono. Usiku kucha alikuwa amelifanyia mazoezi.

Mwenyekiti alikohoa. "Ndugu zangu," akasema, "mmeona unyenyekevu wa fundi mkubwa?"

Wakapiga makofi.

"Na bado koti ni zuri," mwingine akadakia. "Tazameni mkato. Angekuwa mwingine lingekwisha kuchanika."

"Makosa ya Bi Mkubwa ni shule kwetu," akasema wa tatu, mwanamke aliyewahi kutoka maonyeshoni akilia kwa sababu yake.

Mate yakamjaa Bi Kinyaa kinywani. Aliwatazama, watu wazima, mafundi wenye macho na vidole, wamezunguka gundi iliyovimba kama ngozi ya mgonjwa, wanaisifu. Alijua wanaona. Wote walikuwa wanaona. Na alijua aliyewafundisha kuogopa kusema ni nani, kwa sababu miaka yote ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kusema. Sifa zao zilinuka kuliko koti lenyewe. Akashika ukingo wa meza asije akaaibika mbele za watu.

Hapo Zege, aliyekuwa amesimama nyuma na mikono mfukoni, akapenya mpaka mezani. Hakumsalimia. Alikamata kifua cha koti kwa vidole vyake vinene, akakigeuza, akakisogeza kwenye mwanga.

"Gundi hii uliibandika na pasi haijapata moto vizuri," akasema. "Ona, imeshika katikati tu. Na hapa begani uliona kabisa kwamba haitoshi. Alama ya chaki ipo hapa, ukaikata, ukaivuka. Kwa hiyo hukukosea. Ulijua."

Mwenyekiti akasema, "Zege, adabu kidogo."

"Mwache," Bi Kinyaa akasema. Kifua chake kilifunguka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya misalaba. "Mwache aseme. Nini kingine?"

"Kingine ni harufu," Zege akasema. "Basi."

Akarudi nyuma.

Bi Kinyaa alimfuata nje mkutano ulipokwisha. Zege alikuwa na kibanda chake kwenye kona, nyuma ya stendi ya baiskeli, na alikwenda huko bila kumngoja. Alimruhusu aingie kwa kumsogezea kiti kwa mguu. Koti la kahawia lilikuwa limetundikwa ukutani.

"Naomba niligeuze," Bi Kinyaa akasema.

"Si uliligeuza?"

"Niliangalia. Sikuliona."

Aliligeuza magotini mwake, akafumba macho, akapitisha vidole. Kwa nje lilikuwa baya kweli. Hilo halikubadilika, na pua yake ilikunjika bila ruhusa. Lakini ndani kila mshono ulikuwa wa mkono, mdogo, wa sawasawa, maelfu kwa maelfu. Kifua kizima kilikuwa kimeshikizwa kwa uzi. Mahali ambapo kitambaa kiligoma, alikuwa amefumua na kurudia mpaka matundu ya sindano yamekuwa ukungu. Mtu huyu alikosea kila mahali, na hakudanganya popote.

"Kichwa cha mkono unakikusanyaje?" akauliza.

"Navuta."

"Hakivutwi. Lete sindano."

Ndivyo Zege alivyoanza kupanda zile ngazi, mara tatu kwa wiki, mchana, akishafunga kibanda chake. Hawakuwa marafiki. Walizozana kama mawifi. Bi Kinyaa alimfundisha kukusanya mkono kwa uzi mara mbili na mvuke wa pasi, kidogo kidogo, mpaka kitambaa kinajikunja chenyewe bila kuacha kikunyanzi. Zege naye, kwa amri yake, alikagua kila koti la Bi Kinyaa kabla halijatoka, ndani nje, na alikuwa hana huruma. Binti wa mdogo wake alilalamika kwamba sasa kuna pua mbili za kukunjwa chumba kimoja, na wateja wanachelewa.

"Wangoje," wakajibu kwa pamoja.

Makoti mengine ya mwaka ule wa gundi Bi Kinyaa aliyatafuta. Alipita nyumba kwa nyumba na kumbukumbu yake, akagonga, akajieleza. Aliyapata tisa. Wengine walimcheka, mmoja akamfungia mlango, na bwana mmoja mnene akakataa katakata kulitoa la kwake, akisema ndilo koti zuri kuliko yote aliyowahi kuvaa. Bi Kinyaa alisimama pale uani akilitazama lile koti mwilini mwa yule bwana, ukosi umesimama kama sikio la punda, naye bwana anatabasamu. Hakuna kitu kilichowahi kumtia karaha kama tabasamu lile. Aliondoka bila kuaga.

Koti la mwalimu alilifumua lote mpaka likawa vipande mezani. Alivifua, akavinyoosha, akamwita binti wa marehemu apimwe. Kazi ilichukua majuma matano. Zege alilirudisha mara mbili. Mara ya pili Bi Kinyaa alimwita mpumbavu, kisha akalifumua, kwa kuwa alikuwa sahihi.

Binti alikuja na mama yake Ijumaa asubuhi. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana. Alilivaa, akafunga kifungo, akageuka kwenye kioo. Mama yake alishika mdomo. Mabega yote mawili yalikuwa sawa, na ukosi ulilala kama umemwagwa.

"Mama, ona," binti akasema. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa kufunga nywele zake vizuri.

Bi Kinyaa alikuwa nyuma yake. Katikati ya mgongo, mikono ilipoinuka, palitokea kikunyanzi kimoja, chembamba kama unywele. Mikono iliposhuka kikapotea.

Pua yake ikakunjika.

"Vua," akasema.

"Liko sawa kabisa, Bibi! Mbona limenikaa vizuri?"

Mjane alimtazama fundi, akatazama mgongo wa mwanawe, akarudi kumtazama fundi. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaweka mkoba magotini.

"Vua, mwanangu," akasema. "Tutangoja."